Maswali ya wasomaji: mwaka ukiandikwa kwa maneno

Toleo lililopita nilidokeza, tena kwa mistari miwili tu, kwamba hati za Kihispania hupenda kuandika tarehe kwa maneno matupu, na kwamba hapo ndipo wafasiri wengi wa kwenda Kiingereza huteleza. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechukua tano, kwa kuwa nyingine zote zinauliza yale yale.

*Shikamoo Mwalimu. Kaka yangu alisomea udaktari Cuba, na sasa kuna kazi anayoiomba inayotaka shahada yake iwe imefasiriwa kwa Kiingereza. Mimi Kihispania changu ni cha kuokoteza, lakini ni mimi aliyenitegemea. Chini ya shahada pameandikwa “Dado en La Habana, a los veintidós días del mes de julio de dos mil”, halafu muhuri umekaa juu ya neno linalofuata. Mstari wa chini unasema “Año 56 de la Revolución”. Kaka anasema ni 2014. Je, niandike 22/07/2014 nimalize? Na hiyo Año 56 niiache, maana mwajiri haimhusu?* (Msomaji, Chake Chake)

Marahaba, mwanangu. Tarakimu ziweke pembeni kwanza. Aliyeitoa shahada ameandika tarehe kwa maneno, nawe iandike kwa maneno. Watu hudhani ni mbwembwe za wakubwa wa vyuo, kumbe lile ni kufuli. Tarakimu 1 unaigeuza 7 kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu, lakini “uno” huligeuzi kuwa “siete” hata ukeshe. Hundi ya benki nayo hutaka kiasi kwa tarakimu na kwa maneno kwa sababu hiyo hiyo, na vikipishana, maneno ndiyo yanayoshika. Hispania jambo hili wamelitia kwenye sheria tangu zamani: Sheria ya Notaria ya tarehe 28 Mei 1862 inakataza kutumia tarakimu katika kutaja tarehe au kiasi ndani ya hati za notari, yaani mwanasheria mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati, na inakataza vifupisho na nafasi zilizoachwa wazi. Amerika ya Kilatini desturi hiyo utaikuta kwenye shahada, vyeti vya ndoa na hati za viwanja. Ukifasiri kwa tarakimu unafungua kufuli ambalo hukulifunga wewe.

Tena 22/07 ina bahati, kwa kuwa hakuna mwezi wa 22. Kaka yako angehitimu tarehe 4 Julai, ukaandika 04/07, Mwingereza angesoma 4 Julai na Mmarekani angesoma 7 Aprili, na kila mmoja angekuwa na hakika.

Kiingereza chenyewe sasa. Kinachowakwamisha wengi ni “a los veintidós días”. Neno kwa neno ni siku ishirini na mbili, na tafsiri zenye “at the twenty-two days of the month of July” nazipokea mpaka leo kutoka kwa watu wenye mihuri yao mezani. Kiingereza hakihesabu siku hapo, kinauliza siku ya ngapi. Andika: “Given in Havana, on the twenty-second day of the month of July, two thousand”, kisha ufike kwenye muhuri. Julio kwa Kihispania huanza kwa herufi ndogo, Kiingereza kinataka kubwa. Veintidós ni neno moja, Kiingereza kinataka kistari katikati.

Neno lililo chini ya muhuri usiliandike kana kwamba umelisoma, hata kama kaka yako anaapa. Weka mabano mraba, ndani yake useme kwa Kiingereza kwamba neno limefunikwa na muhuri na halisomeki. Na hapa ndipo ile Año 56 unayotaka kuitupa inapokufaa. Cuba huhesabu miaka ya mapinduzi, na 1959 ndio mwaka wa kwanza. Kwa hiyo chukua mwaka wowote utoe 1958: 2014 kutoa 1958 ni 56. Fasiri mstari huo ulivyo, “Year 56 of the Revolution”, halafu chini ya ukurasa weka maelezo ya mfasiri kwamba mwaka wa 56 kwa hesabu hiyo ni 2014. Umemwambia msomaji ukweli wote, umemwachia na njia ya kuuhakikisha, na hukubuni hata herufi moja.

Wala Cuba haiko peke yake. Kabla ya kutegemea hesabu hiyo Wacuba walikuwa wakiipa miaka majina, 1961 ukaitwa Mwaka wa Elimu, 1970 Mwaka wa Milioni Kumi, yaani tani za sukari walizokusudia kuzivuna wasizifikie. Peru mpaka leo kila mwaka una jina lake rasmi linalokaa juu ya barua za serikali; wa 2021 ulikuwa wa miaka mia mbili ya uhuru. Hati za Venezuela huhesabu miaka ya uhuru na miaka ya shirikisho kwa pamoja. Vyote hivyo ni sehemu ya tarehe na vinafasiriwa. Anayeviona havimhusu ataviruka mwenyewe.

*Mwalimu, hapa ofisini tumegawanyika. Mkuu wangu anataka “mil novecientos ochenta y cinco” iwe “one thousand nine hundred and eighty-five”. Mimi nasema hakuna Mwingereza anayeongea hivyo, iwe “nineteen eighty-five”. Mwenzetu wa tatu anafuta kila “and”. Tunaomba uamuzi.* (Msomaji, Nairobi)

Uamuzi nitautoa, ila kwanza muelewe ugomvi wenu umetoka wapi. Sikio la Mswahili ni rafiki wa Kihispania. Sisi 1985 tunaisoma elfu moja mia tisa themanini na tano, na wao wanaisoma vile vile kwa mpangilio ule ule, mpaka na ile “na” kabla ya tano. Hakuna kati yetu anayekata mwaka vipande viwili. Hata mwanzo wa mwezi tunafanana: sisi tuna Mei Mosi, kisha tarehe mbili, tatu, nne kwa hesabu ya kawaida; Amerika ya Kilatini wana “primero de mayo”, kisha dos, tres, cuatro. Hispania wengi husema “uno de mayo”, na Chuo cha lugha cha Madrid kinakubali yote mawili. Mwingereza ndiye mgeni hapa. Mwaka anaukata katikati, na siku anazipanga wa kwanza, wa pili, wa tatu hadi wa thelathini na moja. Kwa hiyo anayefikiri kwa Kiswahili hupita Kihispania bila kujikwaa, akafika Kiingereza akaanguka.

Sasa uamuzi. Kwa hati ya notari, ya mahakama au ya usajili, namuunga mkono mkuu wako. Ni kweli mtu haongei hivyo, lakini hati haiongei. Kiingereza cha sheria kinalo umbo hilo refu, na likiwa limelingana na chanzo neno kwa neno, anayelinganisha kurasa mbili hupata kila kitu mahali pake. Kwa barua, wasifu, makala au maelezo ya picha, wewe ndiye sahihi. Ukiandika “one thousand nine hundred” kwenye kadi ya harusi watu watakucheka. Mimi nisichokivumilia ni kuyachanganya maumbo mawili ndani ya hati moja, mwaka wa kuzaliwa kwa njia hii na wa ndoa kwa njia ile.

“And” inategemea karatasi inaenda wapi. Uingereza na huku kwetu Afrika Mashariki huiweka baada ya mia, Marekani huiacha. Mwenzenu wa tatu asifute wala asirudishe kabla hajauliza hilo.

Na jihadharini na elfu. Kihispania husema “mil” peke yake, bila moja mbele. Kiingereza hakiwezi, ni “one thousand”, na kila mwezi nakutana na “thousand nine hundred” iliyoning'inia bila kichwa. Miaka ya 2000 ni rahisi, “dos mil cinco” inakuwa “two thousand and five” kwenu, “two thousand five” kwa Wamarekani. “Twenty oh five” na “nineteen oh five” ni za mdomoni, hati hazizitaki.

*Habari Mwalimu. Nafanya kazi Houston na wakili wa uhamiaji, wateja wetu wengi ni Wamexico. Nimepewa cheti cha zamani cha kuzaliwa, cha mkono, kirefu kama hadithi. Kwenye pambizo kuna 1977, lakini ndani karani ameandika neno ninalolisoma mara “sesenta y siete”, mara “setenta y siete”. Mama mwenye cheti anasema 1977. Tena kuna tarehe mbili, moja ya Mei na moja ya Aprili, na Aprili imeandikwa “próximo pasado”. Ijayo iliyopita ndiyo nini?* (Msomaji, Houston, Texas)

Barua hii imenifurahisha, maana vyeti hivyo vya mkono ndivyo ninavyovipenda kuliko kazi yoyote.

Tuanze na tarehe mbili, kwa sababu hapo kosa ni la gharama. Cheti cha zamani cha Mexico kinasimulia. Kwanza karani anataja mji, saa, siku, mwezi na mwaka ambao watu wamefika mbele yake. Kisha anasema fulani amekuja, “presenta viva a una niña”, yaani amemleta mtoto wa kike akiwa hai, na mtoto huyo alizaliwa saa fulani siku fulani. Tarehe ya kwanza ni ya kusajiliwa. Ya kuzaliwa iko ndani, mistari kadhaa chini, mara nyingi bila mwaka. Mtu mwenye haraka huikamata ile ya juu na kuipeleka kwenye fomu, na mama wa watu anakuwa kijana kwa wiki kadhaa, kisha anatakiwa aeleze kwa nini pasipoti yake inasema vingine.

“Próximo pasado” ni ya karibu iliyopita. Cheti kimeandikwa Mei, basi “abril próximo pasado” ni Aprili ile iliyotoka tu, ya mwaka ule ule. Utakutana pia na “del actual” na “del corriente”, yaani ya mwezi huu tulio nao, na mwishoni “fecha ut supra”, tarehe kama ilivyo juu. Ziache hivyo hivyo kwa Kiingereza: “the twenty-eighth of April last”, kama ni 28. Usijaze mwaka ambao karani hakuuandika. Ukiona msomaji atapotea, mwaka uweke kwenye maelezo ya mfasiri.

Saa nayo, kwa sisi Waswahili. “A las tres horas” ni saa tatu za Kizungu, saa tisa usiku kwetu. Fasiri moja kwa moja kwenda “three o'clock” wala usipitie nyumbani, maana ukipitia nyumbani utarudi na saa nyingine.

Haya, sesenta na setenta. Tofauti ni herufi moja, s na t, na kalamu ya wino yenye haraka inazifanya mapacha. Usilikodolee macho neno lenyewe, nenda kamtafute karani mahali pengine kwenye ukurasa. Kila cheti cha namna hiyo kina “testigos”, mashahidi, na neno hilo lina t mwanzoni, s katikati, t tena. Tazama anavyoikata t yake: je, mstari unavuka au unaelea juu? Je, s yake inaanza chini ya mstari? Pengine kuna “treinta” kwenye umri wa baba. Ukishamjua mkono wake rudi kwenye mwaka, na mara nyingi neno linafunguka lenyewe. Umri wa wazazi wenyewe unaweza kusaidia kidogo, lakini kidogo tu, kwa kuwa watu walikuwa wakikadiria.

Ikiwa mkono unasema setenta, basi pambizo na maneno vinapatana, kazi imekwisha. Ikiwa unasema sesenta, basi cheti kina 1967 kwa maneno na 1977 pembeni kwa tarakimu, na wewe unaandika vyote viwili, kila kimoja mahali pake, kwa umbo lake, halafu maelezo mafupi kwamba asili ina tofauti hiyo. Hutampendelea mama. Hutasahihisha. Huko uliko, Idara ya Uhamiaji ya Marekani inataka kila hati ya lugha ya kigeni iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri athibitishe kwa saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anaijua kazi yake. Ukikirekebisha cheti kimya kimya, saini yako inakuwa ya uongo. Kosa la karani lina njia yake ya kurekebishwa, kule Mexico, kwenye usajili wa raia, na wakili wako anajua pa kuanzia.

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa historia. Nafasiri makala ya Kihispania kwenda Kiingereza, imejaa “23-F”, “11-M”, “11-S”. Pia inasema vita vya baharini vya Gravelinas vilikuwa 8 Agosti 1588, lakini kitabu changu cha Kiingereza kinasema 29 Julai. Nani mwongo?* (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Hakuna mwongo, wote wako sawa.

Hizo za herufi ni siku zilizogeuka majina. Namba ni siku, herufi ni mwezi. 23-F ni 23 Februari 1981, maafisa wa Guardia Civil, polisi wa kijeshi wa Hispania, walipoingia bungeni Madrid na bunduki kutaka kupindua serikali. 11-M ni 11 Machi 2004, mabomu ya treni za Madrid. 11-S ni 11 Septemba, ile ambayo Wamarekani wanaiandika 9/11 kwa mpangilio wao wa mwezi kwanza. Ukiandika “23-F” kwa Kiingereza na kuendelea, msomaji atadhani ni namba ya kiti cha ndege. Mara ya kwanza mpe tarehe nzima na mwaka na tukio, halafu jina. Baada ya hapo tumia jina. Ni kama ungemfasiria mgeni Saba Saba: kwa Mtanzania ni TANU kuzaliwa 1954, kwa Mkenya ni maandamano ya 1990, na “Seven Seven” haimwambii mtu chochote.

Vita vya 1588, sasa. Papa Gregory wa 13 alirekebisha kalenda, na Hispania ikaifuata mara moja: Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba 1582 ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Siku kumi zikatoweka kwenye karatasi. Waingereza, kwa uhasama na Roma, walikataa mpaka 1752, ambapo tarehe 2 Septemba ilifuatwa na 14. Kwa hiyo mwaka 1588 manowari za Hispania na za Uingereza zilipopigana, kila upande uliandika siku yake, na siku ilikuwa moja. 8 Agosti kwa kalenda mpya ni 29 Julai kwa ya zamani. Na kuna mtego wa pili ambao wengi hawaujui: mwaka wa kisheria wa Waingereza wakati huo ulianza 25 Machi. Barua ya London ya Februari 1587, kwa Mhispania ni Februari 1588.

Wewe unafasiri Mhispania, basi acha 8 Agosti. Kwenye maelezo sema ni kalenda mpya na utaje ile ya Kiingereza. Usiibadilishe ndani ya matini, kwa sababu aya inayofuata itakuwa na tarehe nyingine ya Kihispania, nawe utasahau, na meli zitafika kabla ya kuondoka. Ukija baadaye kusoma habari za pwani yetu, kumbuka Ureno nayo ilibadili kalenda siku ile ile ya Oktoba 1582. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593 kwa amri ya Philip aliyekuwa mfalme wa nchi zote mbili, tarehe zake za Kireno ziko kwenye kalenda mpya.

*Mwalimu, fupi tu. Mkataba wa kampuni ya Madrid: “en el plazo de quince días”. Mteja wangu anataka “two weeks”. Nimkubalie?* (Msomaji, Dar es Salaam)

Usimkubalie. Mtaani Mhispania akisema “quince días” anamaanisha wiki mbili, na “ocho días” ni wiki moja, kwa kuwa anahesabu na siku ya kuanzia. Ndani ya mkataba ni siku kumi na tano, “fifteen days”, na hiyo moja iliyozidi inaweza kuwa ndiyo siku mteja wako anayolipa faini.

Kisha angalia kama kuna neno linalofuata. “Días hábiles” ni siku za kazi, “días naturales” ni siku zote za kalenda. Chile na Argentina hizo za mwisho huziita “corridos”. Lisipokuwepo neno lolote, usiongeze lako. Kwa mambo ya kiserikali, Sheria namba 39 ya 2015 ya Hispania inazihesabu kuwa za kazi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiondolewa. Kwa mkataba wa watu binafsi, Kanuni yao ya Madai (Código Civil) haiondoi sikukuu. Wako ni wa pili, kwa hiyo mshauri mteja ahesabu na Jumapili zote, na kama mkataba una kipengele cha namna ya kuhesabu muda, kifuate hicho kwanza.